Hema Lisilo na Mlinzi wa Jiko

Jumatatu, 3 Februari

Baridi kali. Gari limekataa kuwaka. Si kosa langu. Ni kosa la Kapteni Saimi Raappana, ambaye leo tena ameegesha kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu na mlango, ile yenye soketi nzima ya kupashia injini moto. Soketi yangu mimi imekufa tangu Krismasi. Nimelalamika. Fundi anasema yuko njiani. Njia gani hiyo isiyoisha, sijui.

Nimefika ofisini kwa miguu, masharubu yameganda. Kanali Sarkkinen alikuwa ameshaanza kuongea. Majenerali wanakuja Jumatano ya wiki ijayo. Wanataka kujua, vita kubwa ikizuka mpakani na majeruhi wakaja kwa mamia, huku kaskazini tutawatibu vipi. Nani awabebe, wapite wapi, wapasuliwe na nani. Hawataki hotuba. Wanataka kuona kompyuta ikipigana vita hiyo mbele ya macho yao. Mimi nina programu yangu ya kuigiza vita, Saimi ana yake. Itachaguliwa moja.

Moja! Na mwenye kuchaguliwa, Kanali hakulisema hili, lakini mimi si mtoto, atapanda cheo. Meja Taisto Rimpelä. Nimeliandika jina hilo pembeni ya gazeti kuona linakaaje. Linakaa vizuri sana. Mameja huegesha karibu na mlango.

Mchana amenipigia Ilmo. Meja Daktari Ilmo Tervahauta, rafiki yangu tangu shule ya msingi, na ndiye aliyenitafutia kazi hii nilipokuwa nafundisha hesabu kwa watoto wasionisikiliza. Sasa yeye ni mkuu wa hospitali ya mahema kule Petäjävuoma. Ana timu mbili za upasuaji, lakini ya pili amepewa kwa majaribio tu. Kompyuta ikionyesha timu moja inatosha, ya pili inapelekwa kusini. Ameniomba kitu kimoja tu, nitie ukweli humo ndani. Nikamwambia ukweli ndiyo kazi yangu. Tukacheka.

Jumanne, 4 Februari

Nimeiendesha vita kwa mara ya kwanza. Kwenye kioo cha kompyuta kila majeruhi ni nukta nyekundu. Akipona anakuwa kijani, akifa anakuwa mweusi. Kwa timu moja ya upasuaji kioo kimejaa weusi. Kwa timu mbili kijani kinaonekana, hata kinapendeza. Yaani Ilmo yuko sahihi.

Tatizo ni kwamba Saimi naye amepata hivyo hivyo. Programu mbili zikisema neno moja, mimi nitachaguliwa kwa lipi? Kwa masharubu?

Halafu Kanali amepita na kikombe chake. Amesema, huku anakoroga kahawa wala hanitazami, kwamba majenerali wangefurahi mno kusikia timu moja inatosha. Akaenda zake.

Nimekaa nikafikiri. Mpango ni huu. Nawaonyesha timu moja inatosha. Napata umeja. Nikishakuwa meja, nina sauti. Kwa sauti hiyo namrudishia Ilmo timu yake ya pili, hata ya tatu akitaka. Kwa hiyo namsaidia! Ni njia ya kuzunguka kidogo, basi.

Nimeanza na magari ya wagonjwa. Nimeyaongezea mwendo mpaka yanapita msituni kama yametumwa na shetani. Weusi wamepungua. Saimi, ambaye ana tabia mbaya ya kunywa kahawa nyuma ya watu, akauliza tangu lini gari la wagonjwa linapita katikati ya ziwa. Nikamwambia ziwa limeganda, dada, wewe si mtu wa hapa? Akasema ziwa limeganda kweli, lakini vita iliyoko kwenye kioo changu inaanza Juni.

Sikuwa nimetazama tarehe. Nimeisogeza vita Februari. Sasa magari yanapita juu ya barafu kihalali kabisa, na Saimi hana la kusema. Aibu niliyopata imeniisha karibu yote.

Alhamisi, 6 Februari

Alhamisi, supu ya njegere, na baadaye chapati za maji na jamu. Jeshi letu linaweza kukosa risasi, supu ya njegere Alhamisi halikosi.

Kwenye foleni Kanali alikuwa ananung'unika kwamba kambi imejaa watu wanaokaa tu. Nikabaki na kijiko hewani. Wanaokaa tu! Nimeacha chapati zangu mezani (Saimi amezila, nimemwona) nikakimbilia ofisini. Nikaiambia programu inionyeshe watu wote wasiosogea wakati wa vita.

Ikanionyesha. Walinzi wa jiko!

Kila hema lina jiko la chuma, na kila jiko lina askari wake, wanapokezana. Askari wanamwita Mikko wa Cheche. Nchi hii hakuna asiyemjua huyo Mikko, hata mama yangu anamjua. Kazi yake ni kukaa kando ya jiko, kutia kuni, na kuangalia hema lisiungue. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa Mikko, enzi za ujana wangu jeshini. Nilikaa nikitazama moto na kumfikiria msichana mmoja wa mji wa Oulu. Sasa hiyo nayo ni kazi?

Nimewafuta wote. Nimewafanya wabeba machela. Nikaiendesha vita upya. Jamani! Majeruhi wanabebwa mbiombio, hakuna anayesubiri kwenye theluji, weusi wachache, kijani tele. Kwa timu moja ya upasuaji! Vita ilikwisha kabla mashine haijamaliza kuchuja kahawa.

Nakiri kitu kimoja, kwa kuwa hapa naandika peke yangu. Programu yangu tuliinunua kwa watu wa nchi ya joto. Theluji inaichora vizuri, lakini humo ndani hakuna mtu anayesikia baridi. Ya Saimi ameiandika mwenyewe, na kwake mafuta yanaganda, vidole vinakufa ganzi, dripu zinageuka barafu. Ndiyo maana kuiendesha kunachukua wikendi nzima. Majenerali hawana wikendi nzima.

Jumamosi, 8 Februari

Sauna kwa Ilmo, kile kibanda chake cha kuoga mvuke kando ya ziwa, kama kila Jumamosi. Kuni alipasua mwenyewe, mbichi na kavu amezitenga, ni mtu wa namna hiyo. Mle ndani hakuna meja wala kapteni. Watu wako uchi, na kwa desturi yetu juu ya benchi la sauna hawadanganyani.

Alitia kuni kwanza. Kisha akanieleza habari ambayo hajawahi kunieleza, ya kule ng'ambo alikotumwa kulinda amani. Walimletea majeruhi wawili kwa mpigo, na meza ya upasuaji ilikuwa moja. Hakusema alimchukua nani. Alisema tu kwamba yule mwingine alikuwa anaelewa Kiingereza, akasikia kila walilosema.

"Mikono ninayo miwili tu, Taiska," akasema. Taiska ni mimi, ananiita hivyo tangu tuna miaka saba. "Wakija wawili, mmoja namwambia asubiri. Na namwambia mimi, siyo kompyuta. Hiyo yako inasema nini? Timu moja au mbili?"

Nikachukua kata nikamwaga maji kwenye mawe ya moto. Yote. Nikachota tena nikamwaga tena. Mvuke ukapanda mpaka masikio yangu yakaungua. Ilmo akatoka mbio akajitupa kwenye theluji, na mimi nyuma yake, na tulipoacha kutetemeka tukala soseji na haradali na mazungumzo yakawa mengine.

Nimerudi nyumbani na roho nzito. Ningemwambia tu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, ukaingia mvuke. Lakini nimefikiri, kumwambia mambo nusunusu ni kumtesa. Nitamwambia nikishakuwa meja, na timu ya pili nimeishika mkononi.

Jumatano, 12 Februari

Siku yangu!

Majenerali walikuwa watatu. Kanali amevaa mkanda mpya. Maandazi ya iliki yamepangwa, kahawa ipo. Alianza Saimi. Kioo chake kikawa cheusi polepole, majeruhi mmoja baada ya mwingine, na yeye amesimama pale anasema kwa sauti ileile kwamba huyu amekufa kwa sababu gari limeganda, na huyu kwa sababu muuguzi hakuhisi vidole vyake. Walipomaliza maandazi vita yake ilikuwa bado iko asubuhi ya kwanza. Jenerali mmoja akaitazama saa.

Nikaja mimi. Nukta zinakimbia, machela zinaruka, ziwa linavukwa, kijani, kijani, kijani! Timu moja ya upasuaji, na jioni inapata hata nafasi ya kupumzika. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, inapumzika.

Saimi akanyoosha mkono. Aliuliza swali moja tu. Jiko anachochea nani?

Nikajibu, "Aliye karibu."

Ukumbi ukanyamaza. Sisi ni watu wa kunyamaza, nikauchukua ukimya ule kuwa ni sifa. Kanali akakohoa. Mlangoni kabisa alikuwa amesimama Ilmo, sikujua kama angekuja. Alikuwa anakitazama kioo changu, pale kati, kwenye ile meza moja. Kisha akavaa kofia yake ya manyoya akatoka, na mlango akaurudisha taratibu.

Jioni wameshatia saini. Timu ya pili inakwenda kusini. Programu yangu ndiyo iliyochaguliwa, na wiki ijayo mpangilio wangu utajaribiwa msituni Petäjävuoma kwa watu wa kweli na mahema ya kweli. Kanali amenipa heshima ya kushiriki. Nitakuwa majeruhi. Mwamuzi atakuwa Saimi.

Nimempigia Ilmo. Nimempigia tena. Simu inaita tu.

Alhamisi, 13 Februari

Kanali ameniruhusu kuegesha kwenye soketi nzima wiki hii. Gari limewaka mara moja. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Nimekutana na Ilmo kwenye korido, amekuja kuchukua vifaa. Amesema, "Habari, Kapteni." Kapteni! Nilitaka kumweleza mpango wote, njia ya kuzunguka, umeja, sauti. Nikaanza na hali ya hewa. Akasema ndiyo, kunatarajiwa baridi zaidi. Akaenda na maboksi yake.

Supu ya njegere leo nimeiacha nusu. Chapati nimempa Saimi mwenyewe. Akanitazama kwa muda, akazila.

Jumatano, 19 Februari

Naandika kwa mkono wenye glavu. Nimekufa leo. Nieleze kwa utaratibu.

Petäjävuoma, mchana, jua liko lakini halina kazi. Baridi ya kukata pua. Walinivisha kikaratasi shingoni: jeraha la tumbo, hajitambui, haruhusiwi kusogea. Askari wanne wakanibeba mbio, kweli kama kwenye kioo, na mimi juu ya machela nilikuwa natabasamu, nikakumbuka kwamba sijitambui. Kwa kuwa mpangilio ni wangu, nilikuwa nimewanong'oneza wabebaji mapema wanilaze mahali pazuri. Wakanilaza kando ya jiko.

Jiko lilikuwa linawaka vizuri. Waliolisimamisha hema asubuhi ndio waliolikoka, kisha, kwa mpangilio wangu, wakaondoka kwenda kubeba machela. Saimi alikaa kwenye boksi pale mlangoni na kalamu yake. Muuguzi alikuwa mmoja, anahangaika na watu kumi. Wabebaji walikuwa wengi na hodari, hata wakazidi. Kila wakileta majeruhi wanafunua pazia la hema, na kabla halijatulia wameshafika wengine. Pazia halikufungwa hata kidogo. Joto lote likatoka likaenda zake msituni.

Moto ukaanza kushuka. Nikaona. Kuni zilikuwa pale, karibu na mguu wangu. Nikangoja mtu atie. Muuguzi alidhani watatia wabebaji. Wabebaji walidhani yuko mtu wa kutia, maana maisha yao yote jeshini yuko mtu wa kutia. Majeruhi walikuwa wanamtazama aliye karibu na jiko. Aliye karibu nilikuwa mimi. Na mimi sijitambui!

Nikajaribu kusukuma gogo kwa kidole cha mguu, taratibu sana. Saimi akasema, bila kuinua sauti, kwamba majeruhi asiyejitambua ametikisa mguu, je, aandike kwamba zoezi limeharibika? Nikaurudisha mguu. Ningeinuka! Ningesema tu jamani jiko linazimika, na mambo yakaisha. Lakini kuinuka kulikuwa ni kukubali mbele ya Saimi. Basi nikalala pale nikilitazama jiko linavyozimika, mpaka chuma kikaanza kulia kwa kupoa.

Dripu zikaganda kwenye mirija. Muuguzi akajipulizia vidole, akajaribu kufunga bandeji, ikamwanguka, akajaribu tena. Mwisho akaacha akakimbilia kwenye gari la wagonjwa kupasha mikono. Majeruhi wakaacha kuigiza kulia, wakawa wanatetemeka kweli. Meno yangu yalikuwa yanagongana, nikashindwa hata kuyazuia.

Saimi akainuka. Akaja akaniwekea vidole shingoni.

"Umekufa, Kapteni Rimpelä," akasema. "Kwa baridi. Tumbo lilikuwa la kupona."

Akaandika. Akahamia kwa mwingine, akaandika tena, na tena, hema zima. Alipomaliza akasimamisha zoezi, akapiga magoti akalikoka jiko yeye mwenyewe, akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake. Nachukia kusema ilikuwa kahawa nzuri.

Lakini hema la Ilmo lilikuwa bado linaendelea, wao hawakuwa wameambiwa. Maiti tuliruhusiwa kutembea, nikaenda nikasimama pembeni. Ilmo peke yake na timu yake moja, meza moja. Machela mbili zikafika kwa pamoja. Wote wawili askari wa mafunzo, wamepakwa rangi nyekundu, wanakonyezana kwa kuchekeshwa na mchezo. Ilmo akawatazama, huyu na huyu. Akaonyesha mmoja, akaingizwa ndani. Kisha akainama kwa yule wa pili, akamwekea mkono kichwani, akamwambia neno ambalo sikulisikia. Yule askari akaacha kucheka.

Ulikuwa mchezo. Ilmo anajua ni mchezo. Uso wake haukuwa wa mchezo.

Nikaita, "Ilmo."

Hakugeuka. "Maiti wanakaa kule, Kapteni," akasema, "kwenye soseji."

Nikaenda kwenye soseji. Walikuwa wamewasha moto mkubwa huko wa kuchomea soseji kwa ajili ya maiti. Sijawahi kuona mahali penye joto zuri namna ile, na soseji yangu nikampa maiti mwingine.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeitwa na Kanali. Ameongea na dirisha, si na mimi. Walinzi wa jiko warudishwe wote, leo hii, na neno hili lisitajwe tena mbele ya mtu aliyewahi kuvaa buti za jeshi. Nikasema ndiyo, afande. Nikauliza habari za timu ya pili ya Ilmo. Akasema saini ni saini, malori yameshaondoka jana kwa kuwa barabara zilikuwa nzuri. Nikasema lakini afande, sasa tunajua haitoshi. Ndipo akageuka.

"Kompyuta yako ndiyo iliyosema inatosha, Rimpelä."

Umeja haukutajwa. Soketi ilitajwa. Nimeirudisha.

Saimi hakunicheka. Angenicheka ningepata nafuu. Alikuja mezani kwangu na kahawa mbili, akasema tuwaandikie majenerali, mimi na yeye, majina mawili chini. Akiandika peke yake watasema ni mshindani aliyeshindwa. Tukiandika wote wawili watalazimika kusikia, na timu inaweza kurudi kabla ya theluji kuyeyuka. Alikuwa ameshaandaa barua. Nikaisoma. Ilianza na neno "Nilikosea," na aliyekosea nilikuwa mimi.

Nikamwambia ni barua nzuri, ila pengine tuanze na hali ya hewa. Na badala ya "nilikosea" tuseme "programu haikupewa taarifa kamili." Na jina langu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika, si lazima litangulie, au hata liwepo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua barua yake, na kikombe changu pia, nilikuwa sijakinywa, akaondoka.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi ujumbe kutoka kwa Ilmo. "Leo sauna haiwashwi." Hakuna jina, si Taiska wala Kapteni.

Nikajisemea sawa, mtu anachoka. Mchana nikaona si vibaya kumpelekea soseji hata kama sauna haipo, nikakatiza juu ya ziwa kwa miguu, ni karibu zaidi. Katikati ya barafu nikainua macho. Bomba la sauna ya Ilmo lilikuwa linatoa moshi. Moshi mweupe, wa kuni kavu, ulionyooka juu. Na uani, kwenye soketi ya nje ambayo miaka yote nachomeka mimi, gari la Saimi.

Nilisimama pale. Nilisikia wanacheka. Ilmo alitoka mbio akajitupa kwenye theluji, mwekundu mwili mzima, akapangusa uso, na nadhani aliniona. Ziwa ni tambarare, hakuna pa kujificha. Alisimama kidogo, kisha akarudi ndani.

Nimerudi njia ileile. Nimekula soseji moja njiani, mbichi, ya baridi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Miaka thelathini na zaidi ya Jumamosi na mtu mmoja, na nimeibadilisha kwa wiki moja ya soketi. Najuta. Nimeandika najuta. Nikalifuta, nikaliandika tena.

Jumatatu, 24 Februari

Jumapili nzima nimelala kifudifudi. Leo nimeamka mtu mwingine. Mwanamume anayejuta kwa kulala ni mzigo tu, lazima atengeneze alipoharibu. Ilmo anataka timu ya pili. Mimi ndiye niliyeiondoa. Mimi ndiye nitakayeirudisha!

Barua ya Saimi ipo bado, najua, ameiacha juu ya meza yake, na mahali pa jina langu pako wazi. Nimepita pale mara kadhaa. Kalamu nilikuwa nayo. Lakini barua ni njia ya watu wasio na kompyuta.

Nimefungua programu. Nimeiambia tena inionyeshe watu. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimewapitia mmoja mmoja. Na tazama! Huko nyuma kabisa ya kambi, msituni, wapo askari ishirini na wanne ambao vita nzima wanakata kuni. Kuni! Wanakata, wanapasua, wanazivuta juu ya theluji kwa sleji, wanarudi kukata. Watu ishirini na wanne wenye afya zao, na wenzao wanakufa!

Nimewaondoa huko. Nusu nimewafanya timu ya pili ya upasuaji, kwenye programu ni kubadilisha jina tu. Na waliobaki wamekuwa timu ya tatu. Nimeiendesha vita mara moja. Kioo chote kijani, sijapata kuona kijani namna hii. Ilmo hatamwambia mtu asubiri.

Nimeichapa picha yake kwa rangi, karatasi nzuri. Jumamosi nampelekea mwenyewe, na soseji. Atanifungulia. Lazima atanifungulia, akiona.

Na walinzi wa jiko sijamgusa hata mmoja. Mtu hujifunza.